Kilio cha mtoto kilichobadili sharti la ruzuku

KILA sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, leo tumekusudia kuzungumzia ruzuku za jamii kwa ajili ya mama mjamzito na mtoto mchanga. Tunakusudia zile fedha ambazo watu wa kijiji, mtaa au msikiti hupewa, au hujichangia wenyewe, ili mama ajifungue salama na mtoto wake aishi. Huenda wapo watakaosema kuwa hiyo ni kazi ya Wizara ya Afya na wafadhili, na kwamba ukurasa wa Ijumaa ungebaki kwenye swala na funga. Tunawaomba wavute subira, kwani jambo hili lina mizizi katika Uislamu kabla ya wizara na wafadhili kuwapo. Lakini kwanza tuanze na kosa letu wenyewe.

Yapata miaka kumi na mitatu iliyopita tulikuwa mjumbe wa kamati ya msikiti mmoja wa kijijini, mahali ambapo zahanati ipo lakini hospitali iko mbali, na njia yake wakati wa masika haipitiki ila kwa gari lenye nguvu. Usiku mmoja baada ya swala ya Isha alitujia kijana mmoja, jasho linamtoka, viatu mkononi. Mkewe, mimba yake ya kwanza, alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Muuguzi wa zahanati amesema mtoto amekaa vibaya, na mama apelekwe hospitali usiku ule ule. Mwenye gari anataka shilingi elfu tisini, na anazitaka mkononi. Kijana ana elfu kumi na moja.

Ndani ya kabati la msikiti mlikuwa na kasha la mazulia, na ndani ya kasha mlikuwa na zaidi ya laki saba. Mzee mmoja akauliza kama kijana hawezi kukopeshwa kutoka humo. Macho yote yakatugeukia sisi, kwa kuwa ndio tuliohesabiwa kuwa tumesoma. Tukajibu kama tulivyosomeshwa: fedha iliyotolewa kwa nia ya mazulia ni ya mazulia, sharti la mtoaji huheshimiwa, na wanakamati ni wadhamini tu, hawana mamlaka ya kuikopesha. Tukatoa elfu kumi mfukoni mwetu, tukaona tumetimiza wajibu. Waliobaki wakaanza kuchangishana, huyu elfu moja, yule mia tano, wengine wakaenda kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Gari liliondoka saa tano kasoro. Mama alipona. Mtoto alitolewa akiwa amekwisha kufariki, na daktari alimwambia babaye kwamba lau wangefika saa mbili mapema huenda yangekuwa mengine. Tulimzika siku ya pili yake, kabla ya Adhuhuri.

Wapo maulamaa watakaosema kuwa dharura ya kuokoa nafsi ingetosha kuruhusu mkopo ule, na hoja yao ina nguvu. Tangu siku ile tumeirejea mara nyingi. Hata hivyo, kosa letu kubwa halikuwa la usiku ule. Kamati yetu ilikuwa na kasha la mazulia, kasha la umeme na kasha la Maulidi. Tuliitumikia miaka minane, na katika miaka hiyo haukupita mwezi pasipo mwanamke kujifungua katika nyumba zinazouzunguka msikiti. Hatukuwahi kufungua kasha la mama mjamzito, na usiku wa uchungu si wakati wa kutunga nia.

Sasa turudi Madina. Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alipoanzisha daftari la serikali liitwalo Diwani, mwaka 15 Hijria kwa kauli moja na mwaka 20 kwa kauli nyingine, watu waliandikiwa mafungu yao kutoka Baitul Mali. Watoto nao waliandikiwa, lakini kwa sharti kwamba mtoto hapati fungu mpaka aachishwe ziwa. Tunaweza kuikisia hekima ya sharti hilo. Anayenyonya chakula chake kipo kifuani mwa mama, aliyeachishwa ndiye anayehitaji unga na tende. Ilikuwa hesabu ya kiongozi mwangalifu wa mali ya umma, na ofisi nyingi za leo zingeipitisha bila swali.

Ibn Saad amesimulia katika Tabaqat kwamba msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina ukapiga kambi kwenye uwanja wa kuswalia. Sayyidna Umar akamwomba Abdur-Rahman bin Awf (R.A.) wakeshe pamoja kuwalinda wageni wale na wezi. Katikati ya usiku akasikia mtoto analia. Akaenda, akamwambia mama yake amche Mwenyezi Mungu na amtendee wema mwanawe. Akarudi mahali pake, kilio kikaanza tena, akaenda tena. Mwisho wa usiku akaenda mara ya tatu, akamlaumu yule mama kuwa ni mama mbaya. Mama, asijue anasema na nani, akamjibu kuwa amemchosha usiku kucha. Yeye anajaribu kumwachisha mtoto ziwa na mtoto anakataa. Kwa nini? Kwa sababu Umar hamwandikii fungu ila aliyeachishwa. Umri wake? Ni miezi kadhaa tu.

Sayyidna Umar aliposwalisha Alfajiri siku ile watu hawakuweza kuisikia vizuri kisomo chake kwa wingi wa kilio. Alipotoa salamu alijiuliza mbele yao ni watoto wangapi wa Waislamu amewaua. Kisha akamwamuru mpiga mbiu atangaze kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto ziwa, kwani kuanzia siku ile kila mtoto anayezaliwa ataandikiwa fungu lake. Akaandika barua kwa magavana wa miji yote wafanye vivyo hivyo.

Tumeisikia hadithi hii ikisomwa kwenye mawaidha mara nyingi kama mfano wa huruma ya Sayyidna Umar, na ni kweli. Ila yamo mengine ndani yake. Ruzuku ilikuwepo, nia ilikuwa njema, na hakuna aliyeiba dirhamu hata moja. Kilichomdhuru mtoto ni sharti. Mama maskini alilisoma sharti lile kwa macho ya mtu mwenye dhiki, akaona kwamba serikali inamlipa aliyemnyima mwanawe maziwa, naye akafanya kile kinacholipiwa. Hakuwa mama mbaya hata kidogo. Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na madaktari wa leo wanashauri mtoto asipewe kitu kingine ila maziwa ya mama kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka miwili au zaidi. Sharti la daftari lilikuwa likivuta upande wa pili, na hakuna aliyeliona mpaka mtoto alipolia usiku karibu na sikio la Khalifa.

Swali hilo la sharti halikuishia Madina. Mwaka 2007 serikali ya Indonesia, nchi iliyokuwa wakati huo na Waislamu wengi kuliko nyingine yoyote, ilianzisha mpango ulioitwa Generasi Sehat dan Cerdas, yaani kizazi chenye afya na akili. (Msomaji ataona kuwa neno lao “sehat” ni ndugu wa “siha” yetu, yote mawili yametoka kwenye Kiarabu.) Badala ya kuwapelekea wanavijiji dawa na maelekezo kutoka mji mkuu, serikali iliwapelekea fedha taslimu. Kila kijiji kilipata ruzuku ya mwaka, kwa wastani dola 8,500 za Marekani katika mwaka wa kwanza, na wanakijiji wakaamua wenyewe wazitumie vipi. Sharti lilikuwa kwamba fedha zielekezwe kwenye malengo 12, manane ya afya na manne ya shule.

Hayo manane tunayataja, kwani yanafaa kubandikwa ukutani mwa kila madrasa. Mama mjamzito ahudhurie kliniki mara nne; apate vidonge vya madini ya chuma; azalishwe na mtaalamu; aangaliwe mara mbili baada ya kujifungua. Mtoto apate chanjo zote. Uzito wa kichanga uongezeke kila mwezi inavyotakiwa. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apimwe uzito kila mwezi. Na wa chini ya miaka mitano apate vitamini A mara mbili kwa mwaka. Vijiji vingi vilitumia fedha kununua chakula cha lishe kwa siku za kupima watoto, kuwasaidia kina mama maskini nauli na gharama za kujifungua, na kuwapa posho kidogo wanawake wanaojitolea kuendesha vituo vya upimaji.

Waindonesia wakafanya jambo la ziada ambalo linatupa somo. Tarafa 264 ziligawanywa kwa kura katika mafungu matatu. Fungu moja halikupata ruzuku, la pili lilipata ruzuku tu, na la tatu lilipata ruzuku pamoja na ahadi kwamba asilimia 20 ya fedha za mwaka unaofuata zingegawanywa kwa kuangalia kijiji kipi kimefanya vizuri. Watu wengi walihofia kuwa vijiji vingeghushi daftari ili vipate zawadi, au kwamba fedha zingehamia kwenye vijiji vilivyojiweza tayari. Watafiti waliochunguza matokeo hawakuona ushahidi wa hila hiyo. Waliona kwamba ahadi ya zawadi iliongeza kasi kwenye mambo ya afya, hasa mahali palipokuwa nyuma zaidi, na wakunga waliongeza saa za kazi. Kwa upande wa shule zawadi haikuleta tofauti. Na mahali ambapo lishe ya watoto ilipata nafuu kubwa kuliko kwingine ni Nusa Tenggara Timur, jimbo maskini ambalo wakazi wake wengi ni Wakristo. Tunalitaja hilo kwa makusudi, kwani tutalirejea.

Hapa kwetu Tanzania nako tuna mfano ambao haujulikani vya kutosha. Mwaka 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza kutoa ruzuku za majaribio kwa kaya maskini za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 80 viliingizwa katika jaribio hilo, nusu vikapata ruzuku mwanzoni na nusu vikasubiri, kwa kura. Kamati za wanakijiji wenyewe zilishiriki kuzitambua kaya, kugawa fedha na kufuatilia masharti, na sharti mojawapo lilikuwa watoto wadogo wapelekwe kliniki. Mwanzoni mahudhurio ya kliniki yalipanda, kama ilivyotarajiwa. Lakini kadiri muda ulivyokwenda yakashuka. Mtu anayehesabu mahudhurio peke yake angesema ruzuku imeshindwa. Walipochunguza zaidi wakakuta watoto wa kaya zile wanaugua siku chache kuliko zamani, kaya nyingi zaidi zimejiunga na bima ya afya, na watoto wengi zaidi wamenunuliwa viatu. Asiyeugua haendi kwa daktari. Anayeweka sharti la ruzuku yampasa ajue anatafuta nini, mahudhurio au uzima.

Ni haki pia kutaja hatua ambayo taifa limepiga. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Na tangu mwaka 2022 mpango wa m-mama, ulioanzia Shinyanga na Sengerema, umekuwa ukienezwa nchini. Hupigwa simu namba 115 bila malipo, gari la wagonjwa hutafutwa, na likikosekana huitwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mama. Lau mpango huo ungekuwepo usiku ule tuliousimulia, kijana yule asingesimama mbele ya kabati la msikiti.

Lakini katika utafiti huo huo ipo takwimu ambayo haikutikisika. Watoto wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja walikuwa 25 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai, na miaka sita baadaye wakawa 24. Mama anafika hospitali, anarudi mzima, na bado mikono yake mitupu. Vichanga hufa zaidi kwa kuzaliwa kabla ya wakati, kwa kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa na kwa maambukizi, na mambo haya hayaondoki kwa gari peke yake. Yanahitaji mama aliyekula na kupata vidonge vyake miezi ya kabla, mkunga aliye macho, na wiki za mwanzo ambazo mama hajabeba ndoo wala kuni. Hayo ni mambo madogo madogo ya gharama ndogo ndogo, na ndiyo hasa yaliyo ndani ya uwezo wa kasha la msikiti.

Hapa ndipo tunapoulizwa juu ya Zaka. Je, yafaa kuiingiza katika mfuko wa uzazi? Aya ya 60 ya Suratut Tawba imetaja makundi manane, na mama mjamzito hakutajwa kwa ujauzito wake. Akiwa fakiri au maskini, basi ni mstahiki kwa ufakiri wake, naye akabidhiwe Zaka mkononi iwe mali yake, anunue atakacho. Mume maskini aliyekopa ili kulipia matibabu ya mkewe na akashindwa kulipa, huyo anaingia katika kundi la wenye madeni. Ama kununua kitanda cha kuzalia au pikipiki ya kubebea wagonjwa kwa fedha za Zaka, madhehebu yetu hayaruhusu, ingawa wapo wanachuoni wa zama hizi waliopanua maana ya njia ya Mwenyezi Mungu wakaruhusu. Njia ya salama ni makasha mawili yasiyochanganywa, la Zaka na la sadaka. Sadaka ina wasaa, na yafaa apewe hata jirani asiye Mwislamu, kwa ushahidi wa aya ya 8 ya Suratul Mumtahina. Hatuoni sababu ya mfuko wa mama na mtoto kumuuliza mwenye uchungu dini yake, kama ambavyo Indonesia haikuwauliza watu wa Nusa Tenggara Timur.

Na lipo jambo la wakfu, ambalo tumelisahau mno. Mustafa as-Sibai, mwanachuoni wa Syria aliyefariki mwaka 1964, ameeleza kwamba Salahuddin al-Ayyubi aliweka katika lango moja la ngome ya Damascus mfereji wa maziwa na mwingine wa maji ya sukari, na kina mama wakija siku mbili kila wiki kuwachukulia watoto wao. (Maji ya sukari madaktari wa leo wasingeyaruhusu kwa mtoto mchanga, na tusiyaige, tunachokitaka ni ule utaratibu wa siku mbili kila wiki bila kuomba.) Mwambao wetu una minazi ya wakfu, mashamba ya wakfu, nyumba za wakfu. Mingapi kati ya minazi hiyo imeandikiwa mama mzazi? Mwenye fremu mbili za duka anaweza kuifanya kodi ya moja kuwa ya kina mama wa mtaa wake, na haitahitaji mchango wa usiku tena.

Tuseme pia juu ya nani ashike kasha. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar usiku mwingine alikuta hema pembezoni mwa Madina, ndani yake mwanamke ana uchungu na nje mumewe amekaa peke yake, hana msaada. Khalifa hakuingia hemani. Alirudi mbio nyumbani akamchukua mkewe, Ummu Kulthum binti Ali (R.A.), akabeba unga na mafuta mgongoni, mkewe akabeba vya uzazi, yeye akabaki nje akipika, mkewe akaingia akazalisha. Kamati nyingi za misikiti yetu zina wanaume watupu, na wanaume hao hutaka kuamua mambo ya ndani ya hema. Huko Makwanpur, wilaya ya Nepal ambayo wenyeji wake wengi si Waislamu, wanawake walianza kukutana mara moja kwa mwezi wakiongozwa na mwanamke mwenzao wa hapo hapo. Walizungumza shida zao za uzazi, kisha wengi wakaanzisha mifuko ya kuchangiana na machela za kubebea wagonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta vifo vya watoto wachanga 26 kwa kila 1,000 mahali penye vikundi hivyo, na 37 mahali pasipo navyo. Fedha zao zilikuwa kidogo. Kilichokuwa kingi ni mazungumzo ya watu wanaolijua jambo lenyewe.

Tumalizie na kasha letu. Lilifunguliwa mwaka mmoja baada ya msiba tuliousimulia, na funguo akakabidhiwa bibi mmoja, mjane, aliyezalisha nusu ya kijiji kabla zahanati haijajengwa. Sisi wanakamati tukaandika masharti. Atakayesaidiwa alete barua ya mumewe, na alete kadi ya kliniki inayoonyesha mahudhurio yote. Tuliona ni utaratibu mzuri. Utazuia udanganyifu na utawahimiza kina mama wahudhurie kliniki.

Hazikupita siku nyingi, alfajiri moja, bibi yule akatungoja nje ya msikiti, kanga yake imelowa umande.

“Shehe, nimevunja sharti lenu,” akasema. “Kama mnazitaka funguo, hizi hapa.”

Usiku ule aliletewa binti aliyetelekezwa na mumewe tangu mimba ina miezi minne. Kwa aibu hakuwahi kwenda kliniki hata mara moja. Barua ya mume hana, kadi hana, na damu inamtoka. Bibi hakuuliza kitu, akafungua kasha akatoa nauli yote iliyokuwemo. Mama na mtoto wote walipona, alhamdulillahi. Tulisimama pale tukafikiri ingekuwaje lau funguo zingekuwa kwetu. Sharti letu lilikuwa limewafungia nje wale wale ambao kasha lilifunguliwa kwa ajili yao, na mwenye kadi safi na mume wa kuandika barua ndiye tuliyemwekea msaada. Hadithi ya Sayyidna Umar tulikuwa tumeisoma minbari mara kadhaa kabla ya hapo.

Tukamrudishia bibi funguo zake. Masharti yakaandikwa upya, safari hii na kina mama wanne wakiwa kwenye mkeka mmoja nasi, na wao ndio waliotufundisha mahali pa kuliweka sharti. Wakati wa salama sharti lipo: mama anayekwenda kliniki mapema hupewa nauli, na akifikisha mahudhurio yake hupewa kanga mbili, sabuni na kitambaa cha kumfunikia mtoto. Wakati wa hatari hakuna sharti lolote, si barua, si kadi, si dini wala ndoa. Kinachotakiwa ni mtu mmoja wa kushuhudia na alama katika daftari, na hesabu husomwa hadharani kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Tangu m-mama ifike kwetu fedha ya gari imepungua, nayo imehamia kwenye chakula, dawa zisizopatikana, na nauli za ndugu wanaokwenda kuchangia damu.

Kwa sasa kamati ina mvutano. Mtoto njiti hufungwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na mara nyingine mama hulazimika kukaa hospitali wiki tatu au nne mpaka mtoto aongeze uzito. Wapo wanaorudi nyumbani kabla ya wakati kwa kuwa hawana chakula huko na wamewaacha watoto wengine bila mtu. Kina mama wanataka kasha liwalipie chakula muda wote huo na limlipe jirani anayebaki na watoto. Wanaume wanasema mama mmoja tu wa namna hiyo atalimaliza kasha. Wote wanasema kweli. Kikao kimewekwa Jumapili baada ya Alasiri, na bibi mwenye funguo ameomba azungumze wa kwanza.

Wallahu aalam.